Uzi: Tuliokulia sinia moja huku Kusini, kitoweo unakula mwanzo au unakiacha mwisho?

#1 Mtoto wa Mitwero
Habari za jioni wakuu. Ninalo dai, lipigeni au lipitisheni.

Ukimtazama mtu mzima anavyokula kitoweo, unajua alikulia kwenye sinia la namna gani. Kwetu Lindi, Mitwero, tulikula watoto wa nyumba mbili sinia moja. Ugali wa muhogo katikati, bakuli la mchuzi ubavuni, vipande vya samaki vimelala humo ndani mnaviona. Sheria ilikuwa moja na haikuwa na rufaa: unachovya mchuzi, samaki humgusi. Samaki anagawiwa mwisho. Ukitia kidole kabla ya hapo unapigwa kofi la mkono, na tonge linadondoka.

Leo nina watoto wangu. Nakula mezani, sahani yangu peke yangu, hakuna wa kuninyang'anya. Lakini samaki bado namsogeza pembeni, namaliza ugali kwa mchuzi, ndipo namgeukia. Mke wangu, mtu wa Iringa, anasema nakula kama nimewekewa amana ya mtu. Na mdogo wangu wa tumbo moja, aliyekula sinia lile lile, anaanza na samaki, anammaliza, ndiyo anaukumbuka ugali.

Sinia moja, bibi mmoja, kofi lile lile. Imekuwaje? Nataka hasa watu wa Mtwara na Lindi, ila wengine nao karibuni.

#2 Korosho Ghafi
Nimewahi siti ya mbele. Uzi huu utafika mbali.

#3 Binti Shangani
Mtwara kuchele! Mbona jibu ni jepesi. Wewe mkubwa ulikuwa na uhakika wa kipande chako, hata ukisubiri kipo. Mdogo wako alikuwa anapata mkia, siku nyingine hata mkia hapati. Mtu aliyewahi kukosa hasubiri tena maisha yake yote.

#4 Mtoto wa Mitwero
Dada hapo sikubali. Bibi alianza kugawa kwa wadogo. Mimi ndiye niliyekuwa nabakishiwa kichwa.

#5 Mzee wa Ligula
Vijana mnazunguka mbuyu, jibu ni njaa. Sisi tulioishi miaka ya mwanzo ya 80 tunajua. Sukari foleni, sabuni foleni, unga ukija ni ule wa njano tuliouita unga wa Yanga, na mpaka ufike Mtwara ni hadithi nyingine. Masika Rufiji ikijaa, kivuko cha Ndundu hakisogei, malori yanalala ng'ambo. Daraja lenyewe tumelipata 2005. Samaki bahari ilikuwa inatoa, lakini mafuta ya kumkaangia ungeyapata wapi? Mtu aliyekulia hapo hali kitoweo kwanza. Anakitazama kwanza, ahakikishe kipo.

Mambo ya sinia yalikuja baadaye.

#6 Korosho Ghafi
Shikamoo mzee. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, si 2005. Halafu mleta mada anaonekana kijana, hiyo foleni ya sukari ameipanga lini?

#7 Mzee wa Ligula
Marahaba. Daraja likifunguliwa na barabara ikiwa matope unavuka kwenda wapi? Kipande cha Ndundu hadi Somanga kimetulaza njiani miaka mingine mingi baada ya hapo. Na kuhusu kijana: mama aliyepitia 1984 anampikia mtoto wa 1992 kana kwamba duka linafungwa kesho. Mtoto hajui sababu, anajua tu kwamba nyama haiguswi.

#8 Bwana Makopa
Nyie wa pwani mnaongelea samaki. Sisi huku juu, Newala, hoja ilikuwa maji.

Uwanda wa Makonde uko juu na maji yako chini mabondeni. Akina mama waliteremka na kupanda na ndoo kichwani, na hata mabomba yalipokuja hayakutoa kila siku. Kwa hiyo bakuli la kunawia lilikuwa moja na maji yake ni yale yale. Baba ananawa, mjomba kama yupo, kaka wakubwa, linashuka hivyo mpaka linanifikia mimi wa mwisho, maji yameshakuwa na rangi ya udongo wa shamba. Unachovya ncha za vidole ili uonekane umenawa, halafu unajifutia kwenye kaptula. Mikono inakuwa michafu kuliko ulivyokuja.

Leo nina bomba ndani ya nyumba. Nanawa kabla mtu yeyote hajakaa. Nikiona bakuli linaanza kuzunguka natoka nje, kisingizio naenda kupokea simu. Misibani ndiyo taabu, maana huko ukitoka wakati wa kula watu wanasema una lako jambo na marehemu.

#9 Nesi wa Zamu
Bwana Makopa, kwa hilo usione aibu. Bakuli moja la maji yaliyotulia, watu kumi wakiingiza mikono, ni njia ya kugawana uchafu kwa usawa. Kipindupindu kinaipenda sana. Maji yale yale machache ukiyatia kwenye birika na kummiminia kila mtu mikononi, hapo umenawisha, na sabuni ikiwepo ndiyo kabisa. Wazee wa zamani wa pwani walikuwa na birika na beseni lake, utaratibu ulikuwepo.

#10 Korosho Ghafi
Kumbe Bwana Makopa ndiye yule jamaa aliyenawa kwa soda msibani? Kwikwikwi.

#11 Bwana Makopa
Ilikuwa maji ya chupa. Msinizulie.

#12 Dada wa Ndanda
Wanaume mmejaa humu mnaongelea sinia la barazani. Nani kawaambia sinia lilitokea barazani?

Sisi wasichana tulikula jikoni na mama, baada ya la baba na la kaka zetu kufunikwa kawa na kupelekwa. Huko nako kulikuwa na sheria zake. Mchuzi unauonja kiganjani, ole wako uonekane umelamba upawa. Hukai umenyoosha miguu. Mgeni akipiga hodi unaliacha tonge unanyanyuka. Humalizi kabla ya mama, na mama naye hamalizi kwa sababu kila saa anaitwa: lete maji, lete chumvi, lete pilipili. Kitoweo chetu kilikuwa kilichobaki chunguni, yaani mchuzi na mifupa ya kichwa.

Matokeo yake ni haya. Nina kazi yangu. Meza ya viti sita nimeinunua kwa hela yangu. Na siku nikipika mimi, chakula changu nakila jikoni, nimekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, sahani mapajani. Watoto wananiita mezani, nakwenda, nakaa kidogo, nakumbuka ndimu, naondoka. Mume wangu wa watu miaka ya mwanzo alidhani nimenuna.

#13 Mtoto wa Mitwero
Dada umenifunga mdomo. Sasa wewe, kitoweo mwanzo au mwisho?

#14 Dada wa Ndanda
Mpishi anaonja, kaka. Nikifika kukaa hamu imekwisha.

#15 Mwana wa Kivinje
Assalaam alaykum. Mnahangaika bure. Adabu ya sinia haikutungwa na bibi wa Mitwero wala na foleni ya sukari. Ipo hadithi ya Umar bin Abi Salama. Alikuwa mtoto akilelewa nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), mkono wake ukawa unazunguka sahani nzima, akaambiwa amtaje Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Imo kwa Bukhari na kwa Muslim. Sisi Kilwa tumefundishwa hiyo chuoni kabla hatujajua kushika kalamu.

Kila mtu ana eneo lake la sinia. Mimi hadi leo, hata pilau la harusini, nachimba shimo langu hapo hapo mbele yangu. Nyama ikiangukia upande wa mwenzangu basi siyo riziki yangu. Rafiki zangu wa Dar wananipenda sana kwa tabia hiyo, kila wakienda harusini wananitafuta nikae nao.

#16 Mmwera wa Nyangao
Alaykum salaam. Sasa eleza hili. Sisi tumekulia misheni, ubatizo na komunyo, na sheria zilikuwa hizo hizo: mkono wa kulia, kula mbele yako, usiongee tonge likiwa mdomoni, mkubwa aanze. Ustadhi hakufika kwetu. Kwa hiyo ama zilikuwepo kabla ya dini zote mbili, ama tumeambukizana.

Ila moja ilikuwa tofauti. Kwetu ukimaliza chakula chote chomboni unaitwa mlafi. Unaacha kidogo. Baba alikuwa anaacha tonge la ugali na kipande cha kitoweo, kila siku, bila kukosa. Na mimi naacha. Nikienda kwa watu naacha kipande cha nyama kizuri tu pembeni. Niliwahi kualikwa na mfanyakazi mwenzangu Dodoma, mkewe akaniuliza mbele ya watu kama nyama yake ina kasoro gani.

#17 Mwana wa Kivinje
Hapo ndipo tunapoachana. Sisi tumeamrishwa kulamba vidole na kukisafisha chombo, kwa sababu hujui baraka iko kwenye sehemu gani ya chakula chako. Tonge likidondoka unaliokota, unaondoa uchafu, unakula. Kwangu mimi sahani ikirudi jikoni na punje za wali ni aibu.

#18 Binti Shangani
@Mmwera wa Nyangao (#16) hebu nicheke kwanza. Baba yako hakuacha kwa ajili ya adabu! Aliacha kwa ajili yenu. Mlikuwa mmejipanga mlangoni mnamhesabia matonge. Baba angemaliza lile sinia na macho yale yote yanamtazama? Wewe umerithi kuacha, lakini watoto wa mlangoni huna. Unawaachia Wagogo nyama.

#19 Mmwera wa Nyangao
Duh. Miaka yote hii.
Lakini subiri, alikuwa anaacha hata siku tuliyokuwa shule.

#20 Dada wa Ndanda
Siku mliyokuwa shule ilikuwa ya mama yenu.

#21 Mkwe wa Kaskazini
Salaam kutoka Moshi. Nimeoa Masasi, kwa hiyo nina haki ya kuchangia. Swali langu fupi: huyo samaki mnayemgombania ni samaki kweli, au ni yule mwenye mkia mrefu wa porini?

#22 Kaka wa Tandahimba
Nilijua tu utafika. Panya wa porini anatunzwa, anakaushwa, anapewa mgeni wa heshima. Wewe umeoa Masasi na hujawahi kupewa? Basi jua hadhi yako ukweni ikoje.

Tuache utani. Mleta mada amesahau mtu muhimu kuliko bibi, naye ni MJOMBA. Sisi watu wa Kusini, Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba mwenye nyumba anakula vizuri siku za kawaida. Siku mjomba akitokea, kuku anakamatwa, na firigisi inaenda kwa mjomba. Nimemwona baba yangu mwenyewe, mtu mkali haswa, akimsogezea shemeji yake firigisi kwa mkono wake.

Mjomba wangu alikuwa na mchezo. Anaikata firigisi vipande, anaita watoto wa dada yake mmoja mmoja. Anayekuja anakimbia hapati. Anayenyoosha mkono mmoja hapati. Unapiga goti, unapokea kwa mikono miwili, unasema ahsante mjomba, unarudi nyuma. Ofisini kwangu wananicheka: hata karanga za kuonjeshwa napokea kwa mikono miwili.

#23 Mzee wa Ligula
Huyu kasema kweli. Mjomba ndiye aliyekuwa mkuu wa mambo, hata jandoni ni yeye.

#24 Korosho Ghafi
Sikubaliani. Sisi Wamakua wa Masasi firigisi ilikuwa ya baba, mjomba alipewa paja. Na nyumba ya pili kutoka kwetu alikuwa anapewa babu. Hakuna sheria moja hapo.

#25 Kaka wa Tandahimba
Mjomba wako alikuwa mpole.

#26 Binti Shangani
Na mayai je? Mimi nimekula yai zima la kwanza nikiwa sekondari. Nyumbani waliambiwa mtoto akila mayai atakuwa mwizi, na mjamzito akila atazaa mtoto asiye na nywele. Kuku wanataga, mayai yanaonekana, yanauzwa. Hadi leo nikikaanga mayai nafunga mlango wa jikoni bila kujua.

#27 Mzee wa Ligula
Hayo ya mayai serikali iliyapiga vita. Ile kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, tulikaa vikundi chini ya mkorosho tunasikiliza redio moja, mwalimu anasoma kitabu, tunajadili.

#28 Nesi wa Zamu
Shikamoo mzee. Marekebisho kidogo: Mtu ni Afya ya 1973 ilihusu zaidi vyoo, maji safi, malaria na maradhi mengine. Ya lishe ilikuja 1975, ikiitwa Chakula ni Uhai. Utaratibu ulikuwa ule ule wa redio na vikundi, ndiyo maana watu wanazichanganya.

Na kiliniki bado nakutana na wajawazito wanaokwepa mayai. Hawasemi ni mwiko, wanasema yananichefua. Ukimchimba kidogo unakuta bibi yuko nyuma.

#29 Mzee wa Ligula
Marahaba binti. Basi mimi nilihudhuria zote, na choo nilichimba, na mayai nikala.

#30 Kambi Ilinilea
Wakuu, nimesoma bandiko zote na naona mnasingizia utoto mambo ya ujanani. Nyumbani kwetu Nachingwea nilifundishwa kula taratibu, kutafuna, kumsubiri mwenzangu. Nikaenda bweni. Tulikuwa meza moja watu kumi, ugali na maharage, kiranja wa meza ndiye anayepakua. Kengele ya kuingia na ya kutoka zilikuwa karibu kiasi kwamba ukipuliza chakula kipoe umechelewa. Makande ndiyo balaa, ni ya moto na hayapoi. Mwezi wa kwanza niliungua ulimi, wa pili nikajifunza kumeza bila kutafuna. Baadaye JKT wakamalizia kazi.

Sasa hivi nikikaa mezani na familia, mke wangu anaweka glasi ya maji, anageuka kuchukua kijiko, akirudi mimi nimemaliza. Mama yangu akija kututembelea ananitazama kwa huzuni, anauliza nani alinifunza kula hivyo. Kwa hiyo sinia lilinifunza na bweni likanifundua. @Mtoto wa Mitwero, uliza kwanza mdogo wako alisoma bweni au kutwa.

#31 Mtoto wa Mitwero
Alisoma kutwa. Mimi ndiye niliyekaa bweni.

#32 Kambi Ilinilea
Hapo umeniharibia hoja yangu. Lakini sijaiacha.

#33 Nesi wa Zamu
Kuhusu kula mbio: tumbo linachukua kama dakika 20 kumjulisha ubongo kwamba limeshiba. Ukimaliza ndani ya dakika tano unakuwa umekula kwa macho, utaongeza tena na tena. Kesi za kiungulia na tumbo kujaa ndizo hizo. Huhitaji dawa, weka tonge dogo na utafune.

Na kwa kuwa nyie ni watu wa samaki: mwiba ukinasa kooni ACHENI kumeza tonge kubwa la ugali mkavu ili lisukume. Najua wote mmefundishwa hivyo, na mimi nilifundishwa. Linaweza kuuzamisha zaidi. Ukiona hautoki, nenda kituo cha afya ukatazamwe.

#34 Bwana Makopa
Tonge la ugali wa makopa, ule wa muhogo mkavu, ningelimeza hata kama hakuna mwiba. Msituondolee raha zote.

#35 Binti Shangani
Aliyekula ukoko kwenye sufuria na mvua ikanyesha siku ya harusi yake anyooshe mkono.

#36 Kaka wa Tandahimba
Mkono huu hapa. Ila nilioa mwezi wa pili, sijui mnataka kulaumu ukoko au masika.

#37 Dada wa Ndanda
Ule ukoko wa wali wa nazi uliokamata chini, unabanduliwa na mwiko unatoka kipande kizima, rangi ya kahawia, umekwaruzika kidogo pembeni... Mvua inyeshe tu.

#38 Aliyepita Kumbini
Nilikuwa msomaji tu, ila jando limetajwa na kuachwa. Wengi wetu adabu ya kula tuliipata nyumbani kwa kofi, lakini kumbini ndiko tulikoipata kwa maelezo. Tulikula bila chumvi mpaka tupone. Chakula kinaletwa na jamaa za nyumbani, kinachanganywa, huulizi kipi kilitoka kwa mama yako. Mwenye mama hodari wa kupika na asiye na mama mnakula kile kile. Ukionekana unachagua, unasimama wengine wakila.

Tangu hapo sijawahi kumwambia mtu chakula chake hakina chumvi. Mke wangu hilo linamkera, anataka nimwambie. Anasema nikisifia kila kitu atajuaje siku aliyopika vizuri?

#39 Mwana wa Kivinje
Mashaallah. Hilo nalo liko kwenye sunna, Mtume hakukitia chakula kasoro. Akikitamani alikula, asipokitamani alikiacha.

#40 Mmwera wa Nyangao
Kivinje wewe kila kitu umeshakichukua. Utasema na ming'oko, mizizi yetu ya porini, iko kwenye vitabu.

#41 Mwana wa Kivinje
Ming'oko ni ya Mtwara na Lindi peke yetu, nakubali. Kwa chumvi, pilipili na ndimu.

#42 Samaki wa Moto
Nimetumiwa huu uzi na shemeji yangu wa Iringa. Mimi ndiye huyo "mdogo wa tumbo moja". Nimejiunga leo kwa ajili hii tu.

Kwanza, bibi aligawa kuanzia wadogo siku alizokuwepo. Siku ambazo hayupo, mgawaji alikuwa mleta mada. Wakuu, naomba mjue alivyokuwa akigawa. Anavunja samaki katikati, halafu anaonja "kama ameiva".

Pili, hamkuniuliza mimi. Mmetaja njaa ya 1984, mmetaja bweni, mmetaja mjomba. Samaki wa moto ni mtamu na samaki wa baridi ana shombo. Mchuzi wa nazi ukipoa unaganda juu. Ndiyo maana naanza na samaki.

#43 Mtoto wa Mitwero
Karibu jukwaani mdogo wangu. Kuonja ni wajibu wa mgawaji.

#44 Binti Shangani
Nilisema #3! Nilisema! Mtu aliyewahi kukosa hasubiri.

#45 Samaki wa Moto
Dada, nimesema shombo.

#46 Mzee wa Ligula
Mtoto hawezi kujijua. Mama yenu alizaliwa mwaka gani?

#47 Kambi Ilinilea
Mbona kama huyu mdogo ndiye aliyetakiwa kwenda bweni. Ana haraka ya kuzaliwa nayo. Mimi pacha wangu tuliachana tabia tukiwa bado tunanyonya, mama anasema. Labda tusiwasumbue bibi zetu.

#48 Dada wa Ndanda
Nauliza tu, kwenye hiyo nyumba ya Mitwero dada zenu walikuwa wanakula wapi?

#49 Samaki wa Moto
Jikoni.

#50 Mtoto wa Mitwero
Jikoni. Nimempigia dada yetu mkubwa sasa hivi kumuuliza, anasema kabla sinia halijatoka alikuwa anachomoa kipande kimoja kutoka kwenye bakuli na kukificha chini ya kifuu. Anasema hatukuwahi kuhesabu.

#51 Korosho Ghafi
Uzi umepata mwizi na hakula mayai.

#52 Mkwe wa Kaskazini
Wakuu, tusaidiane kwa dhati maana wiki ijayo nakwenda ukweni Masasi na mjomba wa mke wangu atakuwepo. Safari iliyopita nililetewa sinia peke yangu na kuku mzima, nikala na mashemeji wadogo. Mama mkwe sikumwona mpaka naondoka. Firigisi ilikuwa juu kabisa ya wali. Nikaila. Kulikuwa kimya kidogo. Safari hii nifanyeje?

#53 Kaka wa Tandahimba
Mama mkwe hali na mkwe, hilo usiogope, ni heshima yako. Firigisi msogezee mjomba kabla hujagusa kitu. Kwa mkono wa kulia.

#54 Korosho Ghafi
Asimsogezee! Imewekwa juu kwa sababu ni yake, yeye ndiye mgeni. Ukiitoa unasema mpishi hajui kugawa.

#55 Mmwera wa Nyangao
Kula nusu, acha nusu.

#56 Mwana wa Kivinje
Ale kilicho mbele yake.

#57 Mkwe wa Kaskazini
Na ikiwa iko katikati ya sinia?

#58 Dada wa Ndanda
Niambie unafika siku gani, nimwombe mpishi aibakize jikoni.